Jinsi ya kuuza ngano yako ukijua gredi yake kabla lori haijatoka nyumbani

Wakulima wenzangu wa ngano, kila msimu napigiwa simu zile zile na karibu kila mara mwenye kupiga ameshafika kwa geti ya kiwanda, lori imejaa, dereva anataka pesa ya kulala, na ameambiwa ngano yake ni mbichi ama ni nyepesi ama ina uchafu, sasa anauliza afanye nini. Ndugu yangu, hapo umechelewa. Kwa geti huna nguvu hata kidogo, na kurudi nyumbani na mzigo ni gharama, nao wanajua hivyo. Mambo yote huamuliwa kabla lori haijawashwa, na ndio maana nimeamua kuandika hatua moja moja vile mimi hufanya.

Nilijifunza kwa uchungu. Nalima shamba la kukodi huku Narok upande wa Ololulung'a na msimu mmoja nilipeleka gunia 300 kwa kiwanda fulani. Mashine ya jirani ilikuwa imesoma unyevu asilimia 13.2, kwa geti ikasoma 15.1, tukabishana, lori ikalala nje siku tatu nikilipia kila siku, siku ya nne nikakubali wakate kilo 5 kwa kila gunia ili niende nyumbani. Hiyo ni kilo 1,500. Miezi baadaye ndio nilikaa chini nikafanya hesabu nikaona hata kama mashine yao ilikuwa inasema ukweli mtupu, haki yao ilikuwa karibu kilo 500 tu. Hiyo hesabu nitawaonyesha huko chini, msiiruke.

HATUA YA 1: Jua unalima ngano ya aina gani

Watu huchanganya aina na gredi. Aina inatoka kwa mbegu, yaani ni ngano ngumu ama laini, nyekundu ama nyeupe. Gredi, yaani daraja la ubora, inatoka kwa shamba, kwa mvua, kwa kombaini (mashine ya kuvuna) na kwa storo. Unaweza kuwa na aina nzuri sana yenye gredi mbaya.

Ngano ngumu ina protini nyingi na gluteni yenye nguvu, hiyo ndio ya mkate, kwa sababu unga unavutika na unashika hewa. Ngano laini ina protini kidogo, ni nzuri kwa biskuti na keki. Nchi zinazouza nje zimepanga hii kitu mpaka mwisho: Marekani wana aina sita, kuna ngumu nyekundu ya majira ya baridi, ngumu nyekundu ya machipuko, laini nyekundu, laini nyeupe, ngumu nyeupe na ile ya tambi inaitwa durumu. Australia wanapanga kwa protini, ya juu kabisa ni asilimia 13 na kuendelea, inafuata 11.5, halafu 10.5. Mkulima wa kule akifika na lori ghalani anapimwa na anajua papo hapo ameanguka daraja gani na bei yake ni ngapi, na hata wao hulalamika, maana unaweza kukosa daraja kwa kitu kidogo sana na bei ikashuka.

Kwetu Kenya mimi sijawahi kulipwa hata shilingi moja ya ziada kwa sababu ya protini. Kwa hivyo ushauri wangu ni usimwage mbolea ya nitrojeni ya kuchelewa ukitafuta protini kama mnunuzi wako hajakuahidi kwa maandishi kwamba atailipia. Tafuta kilo na uzito wa punje kwanza. Na weka lebo ya gunia la mbegu pamoja na risiti, siku mnunuzi akiuliza ni mbegu gani usianze kukisia.

Jambo lingine la mbegu ni kutu, ule ugonjwa wa ukungu unaoshika ngano. Mbegu ya Robin ilipotoka kituo cha utafiti cha Njoro tuliikimbilia wengi kwa sababu ilistahimili kutu ya shina, ile ya jamii ya Ug99 iliyotambuliwa kwanza Uganda, baadaye kutu yenyewe ikabadilika ikaanza kuishika. Kutu ikipanda kwa shina, punje inakosa chakula inasinyaa, na punje iliyosinyaa ndio inakuangusha kwa kipimo cha uzito. Kwa hivyo pesa ya dawa ya kutu ihesabu ni pesa ya gredi.

HATUA YA 2: Uliza namba za mnunuzi kabla ya kuvuna

Piga simu kwa wanunuzi watatu ama wanne wiki tatu kabla ya kuvuna. Usiulize "bei ni ngapi" halafu ukate simu. Uliza hivi: unyevu wa mwisho mnaokubali ni ngapi, uzito kwa hektolita (kilo za ngano kwa lita 100) kuanzia ngapi, uchafu asilimia ngapi, ikizidi mnakata vipi, nani analipa wa kushusha, na pesa inaingia baada ya siku ngapi. Wengi watakuambia unyevu 13.5, wengine 13. Waombe wakutumie kwa meseji. Sauti ya simu haisaidii kitu siku ya kubishana, lakini meseji yenye tarehe inasaidia.

Mnunuzi anayekataa kabisa kusema namba zake na kukuambia "leta tu tutaona" mimi huwa namuacha.

HATUA YA 3: Kaa karibu na kombaini

Mwenye kombaini analipwa kwa ekari ama kwa gunia, kwa hivyo yeye anataka kukimbia. Wewe simama hapo. Baada ya gunia mbili tatu za kwanza chota ngano kwa mkono uangalie: ukiona punje nyingi zimekatika, dramu inazunguka kwa nguvu sana, mwambie apunguze. Ukiona makapi mengi na vipande vya suke, feni haina upepo wa kutosha ama chekeche si zake, asimame arekebishe. Angalia pia nyuma ya mashine, kama punje zinamwagika chini ujue feni imezidi.

Asubuhi kuna umande, usikubali kuanza saa moja ama saa mbili hata kama mashine inagombaniwa na watu kumi. Ngano ya saa nne tano na ngano ya alfajiri ni shamba moja lakini unyevu si mmoja. Na ile sehemu yenye shayiri mwitu nyingi ama pembeni yenye magugu mabichi, ivune mwisho na iweke kando, kwa sababu mbegu za magugu mabichi zinapandisha unyevu na uchafu wa mzigo wote.

HATUA YA 4: Pima mwenyewe nyumbani

Hapa ndio kuna pesa kwa hivyo nitakaa kidogo.

Kwanza sampuli. Usichukue ngano ya juu ya gunia moja ukasema umepima. Dunga gunia nyingi, angalau moja kwa kila kumi, juu, katikati na chini, mwaga yote kwa turubai safi, changanya vizuri, tengeneza rundo, gawa mara nne kama unagawa chapati, tupa pande mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, rudia mpaka ubaki na kama kilo tatu. Hiyo sasa inafanana na mzigo wako wote.

Unyevu: mashine ndogo ya mkono inatosha, sisi tulichanga watu wanane tukanunua moja. Lakini jueni kitu kimoja, hizi mashine zina mpangilio wa kila nafaka, na nimeona kwa macho yangu mashine iliyowekwa kwa mahindi ikipima ngano. Angalia iwe kwa ngano. Usipime ngano ikiwa bado moto kutoka kwa jua, iache ipoe kivulini. Pima mara tatu uchukue wastani. Mashine ya mkono inaweza kukosea nusu nukta hata nukta nzima, kwa hivyo kama mnunuzi anataka 13.5, wewe usipakie mpaka yako isome 13 ama chini.

Kama huna mashine kabisa, kuna njia ya chumvi. Kausha chumvi vizuri juani, chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia ngano robo yake na vijiko viwili vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika moja, iache itulie kama robo saa. Chumvi ikinata kwa kuta za chupa, unyevu umepita 15, rudi uanike. Isiponata uko chini ya 15, lakini haitakuambia kama ni 14.8 ama 13, kwa hivyo isikudanganye ukapakia lori.

Uzito wa punje: wao huita hektolita, maana yake ni lita 100 za ngano zina kilo ngapi. Huhitaji maabara. Tafuta chombo cha lita moja na mizani ya jikoni. Hakikisha chombo kweli ni lita moja kwa kukijaza maji, maji ya lita moja yana uzito wa kilo moja. Kikaushe, mimina ngano kwa utaratibu kutoka juu kidogo bila kutikisa wala kushindilia, pitisha rula juu kusawazisha, pima. Ukipata gramu 760 ondoa sifuri ya mwisho, hiyo ni 76. Rudia mara tatu. Kwa kulinganisha tu, Marekani ngano ngumu nyekundu ya baridi ili iwe gredi ya 1 inatakiwa kama 79 na gredi ya 2 kama 76. Ukiona yako ni 70 ujue shida iko, pengine ni kutu ama ukame wakati wa kujaza punje, ama makapi bado yamo, na hiyo ya makapi unaweza kuitatua kwa kupepeta tena.

Uchafu: pima kilo moja, chekecha, halafu kaa chini uchague kwa mkono, toa makapi, mawe, mbegu za magugu, shayiri, udongo. Pima ulichotoa. Gramu 30 ni asilimia 3. Kina mama wanaochagua mchele wanaweza hii kazi kwa nusu saa.

Kuchipua: hii ndio mbaya kuliko zote kwa sababu hakuna dawa. Mvua ikinyeshea ngano iliyokomaa shambani, punje inaanza kuota ndani hata kabla hujaona kijimea, na kuna kimeng'enya kinaanza kula wanga. Unga wake unatoa mkate unaonata. Viwanda vina mashine inapika uji wa unga kwa bomba la kioo halafu inahesabu kijiti kinachukua sekunde ngapi kuzama, sekunde 300 ni nzuri, ikianza kushuka chini ya 250 wanakunja uso. Wewe nyumbani angalia mahali pa kiini cha punje, ukiona ngozi imepasuka ama kuna kijinundu, hiyo imeota. Kuianika hakurudishi kitu.

HATUA YA 5: Usichanganye

Mtu anafikiria akichanganya ngano iliyonyeshewa gunia 40 na nzuri gunia 200 ile mbaya itapotea ndani. Haipotei. Ngano iliyoota kidogo tu inaharibu kipimo cha mzigo mzima, kimeng'enya hakigawanyiki kama unyevu. Weka mafungu: ya kabla ya mvua, ya baada ya mvua, ya pembeni yenye magugu. Ya baada ya mvua iuze kwa watu wa chakula cha mifugo kwa bei yake, itauma, lakini gunia 200 zako zitabaki salama.

HATUA YA 6: Hesabu ya unyevu niliyowaahidi

Kilo za haki = kilo zako mara (100 toa unyevu wako) gawanya kwa (100 toa unyevu unaotakiwa).

Mzigo wangu ulikuwa gunia 300 za kilo 90, yaani kilo 27,000. Wao walisema 15.1, wanataka 13.5. Kwa hivyo 27,000 mara 84.9 gawanya 86.5 unapata kama 26,500. Maji ya ziada ni kilo 500, kwa gunia moja ni kilo 1.7 hivi. Mimi nilikatwa 5. Tofauti ni kilo 1,000, na tuseme bei ni 5,000 kwa gunia, kilo moja ni shilingi 55 na senti, basi niliacha pale zaidi ya shilingi 55,000. Ni kweli kiwanda kina gharama ya kukausha na wanaweza kuidai, lakini iwe gharama ya kukausha inayotajwa kwa jina lake na bei yake, isifichwe ndani ya kilo. Andika hii hesabu kwa karatasi uende nayo. Ukimwonyesha mpimaji kwa heshima, mara nyingi anapunguza, nimeona ikifanyika.

HATUA YA 7: Linganisha bei kwa kilo, ikiwa mfukoni

Gunia si kipimo. Kuna anayesema gunia akimaanisha 90, kuna anayejaza mpaka 95 na kushona. Geuza kila bei iwe ya kilo, toa usafiri, toa wa kupakia na kushusha, toa wanachokata, ndio ulinganishe. Broka anayekuja shambani na pesa mkononi akikupa shilingi 3 chini kwa kilo anaweza kuwa bora kuliko kiwanda kinacholipa baada ya siku 60 huku deni lako la mbolea linazaa riba. Sisemi broka wote ni wabaya. Nasema fanya hesabu kwanza, na lori ya broka isitoke kwa boma lako kama pesa haijaingia.

Na uzito wa gunia lenyewe: wengine hukata kilo moja ama mbili. Pima gunia kumi tupu uone. La plastiki halifiki hata robo kilo, la katani ndio linakaribia kilo moja.

HATUA YA 8: Kwa geti

Enda mwenyewe ama tuma mtu wa familia anayejua kusoma hizi namba, usimwachie dereva.

Kabla ya kutoka nyumbani gawa ile sampuli yako mifuko mitatu isiyopitisha hewa, andika tarehe na namba ya lori. Mmoja unabaki nyumbani, mmoja unaenda nao, wa tatu ni wa mtu wa kati kama mkikosana. Wakati wanadunga gunia simama hapo, wadunge pande zote, si zile za chini zilizoshika unyevu wa turubai peke yake. Omba kuona mashine imewekwa kwa ngano. Namba isipofanana na yako, toa mfuko wako mwambie apime huo pia kwa mashine yake. Sasa utajua kama ni mashine zinatofautiana ama ni mzigo.

Kwa mizani ya lori, hakikisha inasoma sifuri kabla lori haijapanda, na kama taniboi alikuwa ndani ukipima lori imejaa, awe ndani pia ikiwa tupu. Mizani ya biashara inatakiwa kukaguliwa na watu wa Vipimo na Mizani wa serikali na kuwekwa muhuri kila mwaka, una haki ya kuuliza muhuri uko wapi. Namba zote, unyevu, hektolita, uchafu na kilo, ziandikwe kwa delivari noti na zisainiwe. Piga picha.

Canada mkulima asipokubaliana na ghala anaweza kudai sampuli iende kwa tume ya nafaka ya serikali, na wanachosema hao ndio mwisho, ghala linatii. Sisi hiyo haki ndio tunaihitaji kuliko hata bei ya kutangazwa, na kila mkutano wa wakulima nitakaoitwa nitaisema.

HATUA YA 9: Bei ikiwa mbaya wakati wa kuvuna

Kenya tunakula ngano nyingi sana kuliko tunayolima, nyingi inapita Mombasa kutoka nje, na meli ikitua wakati sisi tunavuna bei inalegea. Ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ngano ya nje ni asilimia 35, na mpango ambao umekuwa ukitumika ni kwamba wasagaji wakinunua ya hapa wanaruhusiwa kuleta ya nje kwa asilimia 10. Kwa hivyo kiwanda kinahitaji ionekane kimenunua kwako. Hakikisha umehesabiwa: uliza ofisi ya kilimo ya kaunti ama chama chenu jinsi ya kuorodhesha gunia zako mapema, kwa sababu wanaochelewa ndio huachwa na ngano kwa storo ikitafutiwa broka.

Ukiamua kuweka, unyevu uwe chini ya 13, panga juu ya mbao, mbali na ukuta, na mifuko isiyopitisha hewa inamaliza fukusi bila dawa. Kuna pia risiti za ghala, sheria yake ilipita 2019, unaweka ngano kwa ghala lenye leseni unapewa risiti unayoweza kukopea ama kuuza baadaye. Uliza ada ya kila mwezi kwanza. Ngano ikipanda shilingi 200 kwa gunia kwa miezi mitatu na ghala pamoja na riba vimekula 250, hujafanya biashara.

Na mkiwa wadogo, ekari tano tano, jiungeni mjaze lori moja, lakini kila mtu apimwe peke yake kabla ya kumwaga pamoja, la sivyo mmoja mwenye ngano mbichi atawakatisha wote na undugu utaisha hapo.

Ile sampuli ya tatu usiitupe mpaka pesa yote iwe imeingia kwa akaunti. Mimi yangu hukaa juu ya kabati, imefungwa, na delivari noti imekunjwa ndani.